Kaburu Aliyejifungia

Siku Damiani alipoipeleka ile hati kwenye kamati ya ardhi, alivaa shati lake la harusi. Ndilo lilikuwa shati pekee la maana ndani ya nyumba, na mkewe Mektilda alikuwa amelifua kwa majivu, maana sabuni ilikuwa haijaonekana duka la ushirika tangu Pasaka. Mwaka themanini na nne huo, wenye umri mnaukumbuka. Tulikula unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, tulifunga suruali kwa kamba, na mtu akikukaribisha chai yenye sukari ulianza kujiuliza anataka nini kwako.

"Baba Severine, msubiri mama arudi," Mektilda alimwambia huku akimfunga vifungo. "Hiyo karatasi ni ya baba yake mama, si ya baba yako."

"Mama yuko Dareda kwa mjukuu mchanga. Atarudi lini? Kamati imesema leo, mwenye kielelezo alete."

"Walisema kielelezo. Hawakusema lazima kiwe hicho."

"Mama Severine, niambie, nani mwingine kijijini hapa ana karatasi yenye lakiri nyekundu?"

Hakuna. Hapo alisema kweli. Mektilda akampangusa mabega, na Damiani akatoka na bahasha kifuani kama anakwenda kupokea komunyo.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mashamba yaliyoachwa na walowezi yarudi vijijini, wananchi wagawiwe. Jambo zuri, nani atalikataa? Kijijini kwetu, upande wa Sigino, kamati ikaanza kupita shamba kwa shamba. Damiani alikuwa na ekari sita kando ya kijito: migomba, mahindi, maharage, na uzio wa manyara mrefu kuliko mtu pande zote nne. Ukame wa mwaka ule ulikausha kila kitu, lakini kijito chake kiliendelea kutiririka. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mjumbe mmoja wa kamati, Teodori, alikuwa anatafuta mahali pa kulima vitunguu.

Na kila mtu alijua kwamba Damiani ni mjukuu wa Kaburu. Babu yake mzaa mama aliitwa Petrus Roelofs, jina lililowashinda watu, wakamwita Bwana Ruli. Alikuja na gari la maksai baada ya vita ya Mjerumani, akachukua malisho ya Wagorowa akapanda kahawa, na kiboko alikuwa nacho. Hayo ndiyo yaliyobaki midomoni mwa watu. Kisimani watoto wa Damiani waliitwa Makaburu. Mektilda akisimama foleni ya sukari, hakosekani mtu wa kusema nyuma yake, "Mpisheni mke wa mlowezi." Damiani yalimuuma hayo, tena sana, lakini ndani kwa ndani alijivuna. Ekari mia sita na arobaini, jamani! Akinywa kidogo tu lazima azitaje.

Walimweka nje juani kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Alipoitwa, shati lilikuwa limeshamlowa mgongoni.

Ndani walikuwa wanne. Mwenyekiti Dominiko, mtu mpole aliyechoshwa na vikao. Katibu Herieli, aliyefika sekondari na hakutuacha tusahau. Teodori. Na mzee Aniceti, wa miaka sabini na kitu, aliyewekwa kwenye kamati kwa sababu ya mvi zake na ambaye kwa kawaida alikuwa anakaa pembeni bila kusema neno mpaka kikao kinafungwa.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Lete."

Herieli aliifungua bahasha, akasoma kimya, midomo ikichezacheza. "Kiingereza cha zamani," akasema. "Shamba, namba yake hii hapa. Mwenye shamba Petrus Roelofs. Ekari mia sita na arobaini."

"Naam!" Damiani akadakia. "Ndiye babu yangu huyo."

"Hebu rudia," Teodori akasema taratibu. "Ni nani wako?"

"Babu yangu. Amemzaa mama yangu."

"Na hapo unapokaa, ni kwenye shamba lake?"

"La kwake kabisa. Si mnaiona lakiri?"

Teodori akaegemea kiti. "Mwenyekiti, iandikwe. Mwenyewe, kwa mdomo wake, bila kushikiwa fimbo, amekiri anakaa kwenye shamba la mlowezi. Tulikuwa tunahangaika kutafuta ushahidi, kumbe ushahidi unakuja wenyewe umevaa shati jeupe!"

Wakacheka. Maskini Damiani, naye akacheka kidogo, alidhani wanafurahi pamoja naye. Mpaka alipomwona Dominiko ameinamisha macho ndipo akaelewa. Herieli alikuwa ameshageukia kikombe chake cha chai ya rangi. Akanywa, akatafuta pa kukiweka, akakiweka juu ya hati.

"Mwenyekiti," Damiani alisema, "mimi niliileta hiyo hati kuonyesha kwamba ni mali yetu."

"Ndiyo imeonyesha, kijana wangu. Imeonyesha ilikuwa ya Kaburu, na ya Kaburu ni ya kijiji." Dominiko alisugua uso kwa viganja. "Tutakupa ekari mbili kule kwenye mawe. Una wiki mbili. Usituone wabaya."

Aniceti hakucheka. Alikuwa anaiangalia ile karatasi chini ya kikombe, na walipotoka wote yeye alibaki amekaa.

Xaveria, mama yake Damiani, alishuka kwenye lori la maharage siku ya tatu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwembamba, ngozi ya rangi ya udongo mwekundu, na nywele ambazo maisha yake yote alizificha chini ya kitambaa ili watu wasimwulize maswali. Alimkuta mkwe wake anapukuchua maharage uani na mwanawe amejikunyata kwenye kigoda hata salamu inamshinda.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Mektilda ndiye aliyesimulia. Xaveria alisikiliza amesimama, kikapu bado kichwani. Ilipofika mahali pa lakiri akakitua.

"Damiani. Umepeleka karatasi ya shamba gani?"

"Letu, mama."

"Letu lipi?" Sauti ilimpanda. "Ile ni karatasi ya shamba lililompotea baba yangu! Umekwenda kuwaonyesha watu kaburi ukidhani ni nyumba!"

"Mimi Kiingereza nitakijulia wapi?"

"Mdomo wa kuniuliza unao. Umeniuliza lini? Tangu ukiwa mdogo unauliza ekari ngapi, ng'ombe wangapi, gari la maksai lilikuwa na magurudumu mangapi. Mtu mwenyewe hujamuulizia hata siku moja."

Alikaa chini kwenye mkeka, akavuta ungo wa maharage, akaanza kupukuchua naye. Alipukuchua kama maganda matano hivi ndipo akasema tena, sasa kwa sauti ya chini.

"Mama yangu Lukresia alifukuzwa kwao Mbulu, huko juu. Alipata mimba bila mume. Zamani hizo, kwetu Wairaqw, binti wa namna hiyo hakai. Anatolewa nje ya mpaka siku hiyohiyo, akazalie porini, apone au afe, ili balaa lisiwaingie watu. Akashuka kwa miguu mpaka huku. Akafika kwa Kaburu akiomba maji. Akapewa maji, akapewa kazi ya kukamua, akazaa hapo mtoto wa kiume. Anselmi."

"Kaka yako," Damiani akasema.

"Kaka yangu. Mimi nilikuja baada ya miaka miwili, na mimi ndiye wa Kaburu. Anselmi hakuwa damu yake. Alikuwa damu ya nani, mama hakutaja mpaka tunamzika. Lakini Kaburu ndiye ambaye Anselmi alimwita baba, na usiku akiota vibaya ndiye aliyemkimbilia."

Damiani alinyanyua kichwa. Hilo hakuwahi kulisikia.

"Akafa na miaka saba. Homa, siku mbili basi. Sasa, ukifiwa na mtoto wa kwanza, nyumba inaingia metimani. Mektilda, kwenu bado mnajua."

"Tunajua, mama," Mektilda alisema, na mikono yake ikasimama.

"Mnajifungia. Hamwendi kwa mtu, mtu haji kwenu. Hamchoti maji ya wote, hamwombi moto, ng'ombe wenu hawalishi pamoja na wa watu. Mpaka wazee waje wawafungulie, na wazee hawana haraka. Mama akakunja ngozi yake ya kulalia, akamwambia baba, mimi nakwenda kukaa kibanda cha porini nisikuharibie kahawa. Kahawa ilikuwa imebakiza kidogo kuiva, na vibarua wote ni Wairaqw na Wagorowa. Hakuna ambaye angekanyaga nyumba yenye metimani. Baba akamuuliza, mtoto alikuwa anaishi nyumba gani? Mama akasema, hii. Baba akatoka. Alichukua panga, akakata matawi ya miiba, akaziba njia kubwa ya magari kwa mkono wake mwenyewe, akaingia ndani akavua viatu."

"Kaburu!" Damiani akasema.

"Kaburu. Miezi tisa."

Mektilda aliweka mkono mdomoni.

"Wazungu wenzake walikuja na gari, wakapiga honi kwenye miiba. Akasimama barazani akawaambia kuna msiba, hapokei mtu. Wakauliza, mtoto wa mtumishi? Akasema, mtoto wa nyumba hii. Hawakurudi tena. Hata alipokufa yeye hakuja hata mmoja. Maji ya kijito ni ya wote, hatuwezi kuyachota, basi akachimba kisima uani, siku kumi na moja, yeye chini na mama juu anavuta udongo kwa ngozi ya ng'ombe. Masika moto ukazimika na viberiti vimekwisha. Angepaza sauti tu, kibarua angemtupia kiberiti juu ya miiba, nani angejua? Hakupaza. Tulikunywa maziwa mabichi siku nne. Jua lilipotoka akavunja darubini yake, akatoa kioo, akawasha nacho samadi kavu. Moshi ulipopanda mama akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tumzike Anselmi."

"Na kahawa?"

"Ikaiva. Ikawa nyekundu mpaka kule mwisho wa macho. Ikawa nyeusi. Ikaanguka ikaoza, harufu yake ikawa inaingia mpaka kitandani. Barua za benki ziliachwa kwenye miiba, anazichukua, anazisoma, anaziweka. Walimtaka Arusha. Hakwenda. Wazee walipokuja kutufungulia, shamba lilikuwa la watu wengine. Kwenye meza alibakiwa na hiyo karatasi unayojivunia."

Damiani alimwangalia mama yake kama mtu anayemwona leo, na kusema kweli alikuwa na haki, maana miaka thelathini na miwili alikaa nyumba moja na jambo hili na hakulijua. Alitaka kuuliza mengi, likatoka moja la kitoto.

"Kumbe alikuwa mtu mwema?"

"Nani kakuambia mwema?" Xaveria alimtupia jicho. "Nimemwona kwa macho haya akimpiga mtu kiboko mpaka mtu akalala. Huyohuyo. Na malisho ya watu alichukua, hakuomba. Usinifanyie malaika hapa. Nimekuambia alichofanya."

Mektilda ndiye aliyerudi kwenye jambo lenyewe. Alikuwa amemaliza darasa la saba na kichwa chake kilikuwa chepesi.

"Mama, samahani. Shamba hilo kubwa lilikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Huku hatukuwahi kukaa kabla."

"Ng'ambo ya kijito?"

"Kwani kuna ng'ambo nyingine?"

"Na hizi ekari sita alizipata wapi?"

"Tulihamia tu, mwanangu, na mifupa ya Anselmi baba akaja nayo. Nilikuwa na miaka sita. Nadhani alinunua. Mimi sijui."

Mektilda aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kanga yake iliyochakaa. "Kesho nakwenda mjini kwa bwana ardhi," akasema.

Alikwenda. Siku ya kwanza alikaa kwenye benchi la ofisi mpaka wakafunga. Siku ya pili karani akamwambia bwana ardhi hana petroli ya gari, arudi mwezi ujao. Mektilda akasema yeye amekuja kwa miguu na atarudi kwa miguu, kama bwana ardhi naye anayo miguu watakwenda pamoja. Karani akafoka kwamba huo ni utovu wa adabu. Lakini bwana ardhi mwenyewe, kijana mmoja Elimringi, alikuwa amesikia kupitia ukuta wa mbao, na akatoka akicheka. Nyayo za viatu vyake zilikuwa zimeshonwa kwa mpira wa tairi. Akauliza ni kilomita ngapi.

Alifika siku ya kumi na mbili, ramani imekunjwa begani, vumbi mpaka magotini. Kijiji kizima kilikuwa kimejaa nje ya uzio wa manyara. Nilikuwepo. Wengine walikuja kumwonea huruma Damiani, wengine walikuja kuona Kaburu anafukuzwa, na sitawataja majina kwa kuwa bado tunasalimiana.

Elimringi alitandaza ramani chini, akawekea mawe pembe zake, akaomba hati. Herieli akampa, na duara la chai likiwa pale pale juu yake. Elimringi alilitazama lile duara, akamtazama Herieli, akapiga magoti. Akapima kwa rula, akasimama, akaangalia mlima, akapiga magoti tena.

"Shamba la kwenye hati hii linaishia kijitoni," alisema. "Upande ule. Hapa tunaposimama hapamo. Hapajawahi kuwamo. Tena hii ni nakala, hati yenyewe itakuwa ilibaki benki."

Watu wakaguna. Damiani aliona aibu na furaha kwa pamoja. Kumbe hata karatasi aliyoitunza tangu utoto, akiipangusa vumbi kila Krismasi, ilikuwa nakala ya shamba la watu!

"Kwa hiyo si shamba la mlowezi," Mektilda akasema kwa nguvu.

"Vizuri sana." Teodori hakuwa mtu wa kushindwa mapema. "Tumeelewa. Sasa kama si la mlowezi, ni la nani? Nani alilitoa? Iko wapi karatasi yake? Maana mtu asiye na karatasi wala aliyempa anaitwa mvamizi, na shamba la mvamizi linarudi kijijini vilevile. Au nasema uongo, mwenyekiti?"

Dominiko alimgeukia Xaveria. "Mama Damiani, wewe ndiye mkubwa. Nani aliwapa hapa?"

Xaveria alivuta kitambaa chake mbele kidogo. "Sijui, mwenyekiti."

"Hujui?"

"Nilikuwa mtoto. Tulihamia."

Kusema hivyo mbele ya watu wote wale kulimchoma, ilionekana. Nyuma mtu akacheka puani. Teodori alifungua mikono yake miwili kuonyesha kwamba yeye amemaliza, na Herieli akatoa kalamu sikioni. Damiani alimtazama mkewe. Ekari sita zilikuwa zinaondoka hivyo, mchana kweupe, kwa kukosa jibu la swali dogo.

"Walipewa."

Sauti ilikuwa ngeni kiasi kwamba tulitafuta nani amesema. Alikuwa mzee Aniceti. Alikuwa ameinuka, ameegemea fimbo.

"Mzee umesemaje?" Dominiko akauliza.

"Nimesema walipewa. Na wazee wa hapa. Wazee saba waliokwenda kumfungulia Kaburu metimani yake. Wote wamekufa." Alimtazama Xaveria. "Walimkuta amekonda, ndevu hapa, miguu chini. Mmoja wao akamuuliza, wewe ni mzungu, mila si yako, na mtoto hakuwa wako, kila mtu anajua. Kwa nini umekubali kuoza pamoja na kahawa yako? Akajibu kwa Kiiraqw chake kibovu. Akasema, 'Alifia nyumbani kwangu. Ningetokaje nikauze kahawa?'"

Mzee akahamishia uzito mguu mwingine, akaendelea.

"Wazee walirudi wakakaa siku mbili hawaongei mengi. Walikuwa wanamchukia yule mtu, malisho yao alikuwa amekula, migongo ya watoto wao alikuwa ameichapa. Lakini walisema mtu aliyeweka metimani ya namna ile hawezi kulala barabarani. Wakakata kipande hiki kwenye malisho machache waliyobakiza wao wenyewe. Wakampa."

"Maneno matamu," Teodori alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua. "Ila ni maneno, mzee wangu. Kamati inataka ushahidi."

"Chimbeni pembe ile ya juu. Walichukua jiwe la kusagia la Lukresia wakalivunja mara mbili. Nusu wakafukia juu, nusu chini kwenye maji, ili siku moja mtu asije akasema hawa walipita tu wakaketi."

Damiani mwenyewe alichukua jembe. Mizizi ya manyara ilikuwa minene, utomvu mweupe ukamrukia shati, na Mektilda akamvuta uso nyuma usimwingie machoni. Alichimba mpaka magotini, akachimba mpaka kiunoni, na watu walikuwa wameanza kuangaliana jembe lilipogonga. Akainama, akatoa kwa mikono nusu ya jiwe la kusagia, lililochakaa katikati kwa kazi ya mwanamke.

Hatukungoja kuambiwa. Tulikwenda kundi zima mpaka pembe ya chini, na pale vijana wanne walichimba kwa zamu, na nusu ya pili ikatoka na matope. Mektilda aliiosha kijitoni. Akaviweka vipande viwili chini mbele ya mwenyekiti, akavisogeza, vikashikana mpaka huoni ufa. Elimringi alivua kofia. Mama mmoja akaanza kulia na hakuweza kusema kwa nini. Tulikuwa tumepita pembeni mwa uzio ule kila siku ya Mungu tukitukana.

"Katibu," Dominiko alisema, "andika. Shamba hili wamepewa na wazee. Kamati haina neno nalo tena, leo wala kesho." Akamgeukia Damiani, akampa mkono, na mkono wa Damiani ulikuwa na udongo mpaka kwenye kiwiko.

Jambo lingeishia hapo. Lakini Teodori, kwa ukaidi tu, kwa kuwa vitunguu vilikuwa vimeshamponyoka, akasema, "Sawa, nimeshindwa. Ila mzee, nikuulize. Wazee wakifukia jiwe la mpaka vijana hawaitwi. Wewe wakati huo ulikuwa kijana. Ulijuaje?"

Aniceti alitafuta kwanza mahali pa kuegemea, akakosa.

"Mimi niliitwa," akasema. "Mimi ndiye niliyechimba mashimo. Na hii manyara yote ni mkono wangu. Walinitwika miche kutoka mlimani, safari arobaini, peke yangu, nikakatazwa kusaidiwa. Wenzangu walidhani naadhibiwa kwa wizi. Sikuiba. Wazee walijua." Fimbo ilikuwa inachora mavumbi. "Mtoto yule alikuwa wangu."

Teodori alitazama viatu vyake.

"Lukresia alipofukuzwa mimi nilibaki kwetu nikala nikanenepa. Yeye hakunitaja, na mimi sikujitaja. Baada ya miaka mitatu nikashuka kumtafuta, nikakuta yuko kwa mzungu, nikajenga upande huu wa kijito, nikaoa. Nilikuwa namwona mtoto kwa mbali anachunga mbuzi. Hata salamu sikumpa. Siku alipokufa nilikuwa kwenye pombe, na miezi tisa ile nilipita kwenye miiba ya yule mtu kila nilipokwenda kunywa." Alimgeukia Xaveria. "Nimeishi na uzio huu miaka arobaini na saba sijawahi kuingia ndani yake. Binti yangu, naomba niingie."

Tulidhani Xaveria atamkatalia, na angekuwa na haki. Lakini akamshika mkono, kama anavyoshikwa kipofu, akampitisha kwenye mlango wa uzio, akampeleka nyuma ya migomba, kwenye kaburi la Anselmi, mawe madogo yaliyopangwa karibu na mawe makubwa ya Lukresia na Kaburu. Sisi tulibaki nje. Damiani na mkewe waliwafuata kwa mbali, na wao ndio waliosikia.

Mzee alipiga magoti kwa shida mbele ya kaburi dogo. Hakugusa kitu. Alikaa hivyo mpaka Xaveria akadhani anasali.

"Mtoto alikuwa anaongeaje?" mzee akauliza.

"Harakaharaka. Maneno yalikuwa yanamkimbia."

Mzee akatikisa kichwa, akakitikisa tena. "Na mimi," alisema, "aliwahi kuniulizia hata siku moja? Aliwahi kuuliza baba yake yuko wapi?"

Xaveria aliinama, akampangusa mavumbi begani kwa upande wa kanga yake.

"Hapana, mzee," akasema. "Alikuwa na baba."